Kazi ya miaka thelathini, mkataba wa miaka miwili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu ushauri wa kazi ambao magazeti yetu huwapa vijana wanaomaliza masomo ya sekondari. Inapofika zamu ya mwanabiolojia wa wanyamapori na mifumo ikolojia, mara nyingi kazi hiyo huelezwa kwa aya moja tu: kwamba inamfaa kijana anayependa wanyama, asiyeogopa kulala porini na anayetamani kusafiri. Nimefanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sina ugomvi na mapenzi ya wanyama. Hata hivyo, maelezo ya namna hiyo humwacha kijana bila kujua atakachokuwa akifanya siku nyingi za maisha yake ya kazi, na huwaacha waajiri na wafadhili bila kuelewa kwa nini kazi hii, ikikatizwa katikati, hupoteza hata kile kilichokwisha kufanyika.

Mwanabiolojia wa uhifadhi, kabla ya jambo lingine lolote, ni mtu wa kuhesabu. Huhesabu wanyama, viota, mizoga, marundo ya kinyesi na miche ya miti, kisha hurudia hesabu hiyo mahali palepale na kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka, ili mabadiliko yatakapotokea awepo mtu anayeweza kusema yalianza lini na yanakwenda kwa kasi gani. Picha tunazoziona za mtafiti akimvisha tembo kola ya kumfuatilia, au akiwa amepiga magoti kando ya simba aliyelazwa kwa dawa, ni za kweli, lakini ni za siku chache mno. Siku nyingine zote ni za daftari, kompyuta, vibali na ripoti.

Mfano ambao wasomaji wengi wataufahamu ni wa nyumbu wa Serengeti. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi, kisha ukaendelea kuwamo katika eneo hilo kwa miongo kadhaa, ukiua hasa ndama. Ng'ombe wa maeneo yanayozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka miongoni mwa wanyamapori mapema katika miaka ya 1960, bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa karibu 250,000, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.3. Waliokuwa wakihesabu hawakuishia kwa nyumbu. Waliona kwamba makundi hayo makubwa yalikula nyasi ambazo zamani zilibaki na kukauka, kwamba moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na kwamba miche ya miti iliyokuwa ikiteketea mara kwa mara ikapata nafasi ya kukua. Yaani chanjo ya ng'ombe ilirudisha miti. Hakuna ambaye angeweza kuufuatilia mnyororo huo hadi mwisho kama sensa za angani, kumbukumbu za moto na picha za miti zilizopigwa katika vipindi tofauti zisingekuwa zimetunzwa kwa pamoja, na kama waliozitunza wangekuwa wameachishwa kazi kila mradi ulipofikia kikomo.

Simba wa eneo hilohilo wanafundisha jambo jingine. Mwaka 1994 walianza kuonekana wakitetemeka na kupata degedege, na kabla ugonjwa haujapita, karibu theluthi moja ya simba wapatao 3,000 walikuwa wamekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa na virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na kwa sababu hiyo kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi zikafuata. Kwa mtu mwenye haraka, suala lingekuwa limekwisha. Lakini watafiti walikuwa wamehifadhi sampuli za damu ya simba kwa miaka mingi, na walipozipima waligundua kwamba virusi hivyo vilikuwa vimewahi kupita katika makundi yale zaidi ya mara moja bila kusababisha vifo vya kutisha. Kilichotofautisha mwaka 1994, na tena mlipuko wa mwaka 2001 katika bonde la Ngorongoro, ni ukame. Ukame ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati hao na kuambukizwa kwa wingi vimelea vya damu viitwavyo babesia, na virusi vikawakuta wakiwa tayari wameelemewa. Jibu hilo lilitoka kwenye jokofu. Naamini aliyezitia lebo chupa zile za damu, mwaka ambao hapakuwa na ugonjwa wowote wa kuzungumziwa, hakuna gazeti lililomwandika.

Kisa cha tatu kinatoka India, na nakitaja kwa sababu kinaonyesha thamani ya mtu mmoja kurudi mahali alipowahi kufanya kazi. Katika miaka ya 1980, mtafiti wa ndege Vibhu Prakash alihesabu tumbusi katika hifadhi ya Keoladeo, wakati ndege hao wala mizoga walipokuwa wengi kiasi cha kutomshughulisha mtu yeyote. Alipohesabu tena katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, alikuta viota vitupu na ndege waliokufa juu ya miti. Kwa kuwa hesabu ya kwanza ilikuwepo, hapakuwa na nafasi ya kubishana kama kweli wamepungua au ni macho tu ya watu. Mwaka 2004 chanzo kilitangazwa: ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo ilibaki katika mzoga na kuharibu figo za tumbusi waliokula. Spishi tatu zilipoteza zaidi ya asilimia 95 ya ndege wake. Mizoga iliyokosa walaji iliachwa kwa mbwa wasio na wenyewe, pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa inayofuatana nao. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo, baada ya kuthibitishwa kwamba ipo dawa mbadala, meloksikamu, isiyowadhuru ndege hao. Ndani ya kisa hiki kimoja wamo mhesabu ndege, mtaalamu wa magonjwa, mkemia wa maabara na watu wa sheria, na kila mmoja wao alimtegemea yule aliyehesabu wakati hapakuwa na tatizo lolote.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu. Ajira nyingi za mwanabiolojia kijana leo ni za mradi. Mfadhili hutoa fedha za miaka miwili au mitatu, mradi huajiri, mradi hununua vifaa, mradi hufanya warsha ya kufungua na warsha ya kufunga, kisha kila mtu hutawanyika. Viumbe tunaowachunguza hawaishi kwa ratiba hiyo. Tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22 na huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Kasa wa baharini huweza kuchukua miongo miwili au zaidi kabla ya kurudi ufukweni kutaga mayai. Mti mkubwa wa msituni humpita umri mtafiti, mfadhili na taasisi zao zote mbili. Mradi wa miaka miwili unaweza kueleza hali ilivyo. Hauwezi kueleza inakoelekea, na hilo la pili ndilo ambalo wahifadhi huulizwa kila wanapoitwa mbele ya wenye mamlaka.

Niliwahi kushiriki katika ufuatiliaji wa ndege wa ardhi oevu ambao ulikuwa umeanza kutoa picha inayoeleweka. Mfadhili, ambaye sitamtaja, alibadilisha vipaumbele vyake, na wale vijana waliokwisha kujifunza kutambua ndege hao kwa mlio tu wakaenda kutafuta kazi kwingine. Nasikia baadaye ufuatiliaji ulianzishwa upya kwa njia nyingine na katika vituo vingine, kwa hiyo takwimu za awali haziwezi kulinganishwa na za sasa. Hapakuwa na wizi wala uzembe, na kila hatua ilifuata taratibu. Pengine ndiyo sababu jambo kama hili halimkasirishi mtu.

Mfano wa kinyume chake upo Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwezi Julai mwaka 1960, wakati huo akiwa hana shahada yoyote. Jina lake linajulikana duniani kote, na anastahili. Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka 1975, baada ya wanafunzi wanne kutekwa na waasi waliovuka ziwa, watafiti wa kigeni waliondoka kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu za kila siku zikaendelea kuandikwa na wasaidizi wa utafiti Watanzania, watu waliowafahamu sokwe mmoja mmoja kwa sura, ukoo na tabia. Kama wangeweka kalamu chini, mfululizo ule ungekatika, na leo tusingekuwa tunajua maisha ya sokwe kutoka mama hadi mjukuu. Nasema hivi kwa sababu washauri wa kazi huzungumzia shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu kana kwamba sayansi hii inafanywa na wenye shahada peke yao. Msaidizi wa utafiti anayelifahamu eneo lake kwa miaka ishirini ni nguzo ya taaluma hii, na katika miradi mingi ndiye anayelipwa kidogo zaidi na kukumbukwa mwisho linapofika suala la kuandika majina ya waliochangia.

Kwa kijana anayesoma barua hii, naomba niseme jambo la kukatisha tamaa kidogo: ajifunze hisabati. Mnyama ambaye hakuonekana huenda alikuwepo, na sehemu kubwa ya elimu yetu ni namna ya kukadiria wale ambao macho hayakuwaona. Chui hutambulika kwa madoa yake na punda milia kwa mistari yake. Ukitegesha kamera msituni na kujua ni wangapi kati ya chui waliopigwa picha mwezi huu walikwisha kupigwa mwezi uliopita, unaweza kukadiria idadi ya wale ambao hawajawahi kupita mbele ya kamera hata mara moja. Anayeruka kwa ndege kuhesabu tembo huhesabu katika mikanda iliyopimwa, akiwa katika kimo kilichopangwa, na matokeo yake huwa ni makadirio yenye kiwango cha juu na cha chini. Kijana aliyekimbilia biolojia ili aikwepe hisabati atakutana nayo huku porini, tena wakati ambapo hakuna mwalimu wa kumsaidia.

Ajifunze pia kuzungumza na watu, kwa maana ya kuwasikiliza. Nyani aitwaye kipunji alielezwa kisayansi mwaka 2005, na ulimwengu ukashangaa kwamba Tanzania bado ilikuwa na nyani mkubwa kiasi hicho asiyejulikana. Wawindaji wa karibu na Mlima Rungwe walikuwa na jina lake muda wote, na jina hilo ndilo lililotumika. Vivyo hivyo, jirani wa hifadhi ambaye shamba lake limeliwa usiku na tembo hawezi kupewa mhadhara kuhusu bayoanuwai. Anahitaji kinga inayofanya kazi. Nchini Kenya watafiti walichukua jambo ambalo wenyeji walilifahamu, kwamba tembo huogopa nyuki, wakalipima kwa majaribio, kisha wakasaidia wakulima kuweka uzio wa mizinga kuzunguka mashamba. Uzio huo haumalizi tatizo kila mahali, ila unaonyesha aina ya sayansi ambayo mkulima anaweza kuihoji, kuikataa au kuiboresha.

Yapo pia mambo ambayo mtaala wa darasani hauyagusi vizuri, nayo ni mahali ambapo uhifadhi unakutana na maendeleo. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme katika Mto Kihansi lilipokuwa likijengwa, watafiti waligundua katika manyunyu ya maporomoko yake chura mdogo wa manjano, asiyefikia sentimita tatu, ambaye huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani yaliyolowa kando ya maporomoko hayo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua mno. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa bondeni, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 vyura waliobaki bondeni walipungua ghafla, wakati ambapo ugonjwa wa kuvu unaoua vyura katika nchi nyingi ulikuwa umeonekana huko, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba spishi hiyo imetoweka porini. Vizazi vya wale waliosafirishwa vilianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010 na kuachiwa tena katika bonde lao kuanzia mwaka 2012.

Watu wenye busara wameniuliza kama chura wa ukubwa wa ukucha anastahili gharama hizo zote, na sidhani kwamba ni swali la kudharauliwa, kwa sababu umeme ule unawasha hospitali na shule. Jibu langu ni kwamba gharama kubwa zilitokana na kuchelewa. Orodha ya viumbe wa bonde lile ingekamilika kabla ya mipango ya ujenzi kufungwa, wahandisi wangekuwa na nafasi ya kupanga mgawo wa maji tangu mwanzo, na huenda ndege za kwenda Marekani zisingehitajika. Mwanabiolojia akiitwa baada ya zege kumwagwa, kinachobaki kwake ni kuokoa anachoweza.

Sitazungumzia sana ujangili, kwa kuwa huandikwa kila siku. Niseme tu kwamba hata huko kazi ya daftari ipo. Watafiti walikusanya kinyesi cha tembo kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba vyao, kisha wakalinganisha na vinasaba vya meno ya tembo yaliyokamatwa bandarini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana katika shehena kubwa za miaka ya karibuni ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Askari walipata pa kuelekeza doria zao kutokana na watu waliokubali kuokota kinyesi kwa miaka.

Ninachowaomba wenye dhamana ya kuajiri hakihitaji sera mpya ya kurasa mia moja. Kila taasisi inayosimamia eneo la hifadhi, bahari, ziwa au msitu iwe na nafasi chache za kudumu za ufuatiliaji, zinazolipwa kutoka katika bajeti yake yenyewe na zisizotegemea mradi wowote, na aliye katika nafasi hiyo asihamishwe kila anapokaribia kulielewa eneo lake. Wafadhili nao, wanapotoa fedha za miaka miwili, watake kuonyeshwa takwimu zitatunzwa wapi na nani baada ya mwaka wa pili. Vyuo vitoe shahada kwa anayeendeleza mfululizo wa takwimu wa mtangulizi wake, kwani kwa sasa mwanafunzi hushurutishwa kubuni jambo jipya hata pale ambapo jambo la zamani bado halijakamilika.

Nawe, Mhariri, nina ombi kwako. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000, na vyombo vya habari viliandika, tena ilikuwa haki. Lakini katika mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa pekee, makadirio yalikuwa karibu 20,000 mwaka 2013, zaidi kidogo ya 8,000 mwaka 2014, na karibu 16,000 hesabu iliporudiwa mwaka 2015. Hakuna tembo duniani wanaoweza kuongezeka maradufu kwa kuzaliana ndani ya mwaka mmoja. Tofauti ya namna hiyo huhusu msimu wa kuruka, uzoefu wa wahesabuji, mwendo wa makundi na upana wa makadirio yenyewe, mambo ambayo mwandishi anaweza kuyauliza katika mkutano wowote wa waandishi wa habari. Mtakapochapisha tena idadi ya wanyama wa aina yoyote, chapisheni na kiwango cha chini na cha juu cha makadirio, njia iliyotumika kuhesabu, na mwaka wa hesabu iliyotangulia. Msemaji akishindwa kutaja mwaka huo, andikeni pia kwamba ameshindwa.

Wako,
Mtafiti wa ikolojia ya wanyamapori